Karani Aliyehesabu Vidole

Lazarus alihesabu vidole vya mtoto mara tatu. Alianza na mkono wa kulia, akaenda wa kushoto, akarudi wa kulia, midomo ikichezacheza bila sauti kama alivyozoea mbele ya mizani ya majani chai. Alipomaliza mara ya tatu alimfunika mtoto blanketi hadi kidevuni, akanyoosha tai yake, akamgeukia mkewe.

"Ni kumi na viwili."

"Najua," Amondi akasema. "Mimi nilikuwa hapa akizaliwa."

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1996, asubuhi ya siku ya pili. Mtoto alikuwa amezaliwa alasiri ya jana yake, mvua ikipiga mabati ya dispensari ya shamba kwa kelele iliyomfanya muuguzi apaze sauti ndipo asikike. Msichana, kilo tatu na nusu, kilio cha kutosha nyumba tatu. Pembeni ya kila kidole cha mwisho palikuwa na kingine kidogo. Cha kulia kilikuwa laini, kimeshikwa na ngozi nyembamba tu. Cha kushoto kilikuwa na mfupa wake na ukucha wake kamili.

"Kwetu hakuna mtu wa vidole sita," Lazarus akaendelea. "Nimewaza tangu jana. Baba yangu, babu yangu, ndugu zangu wote. Hakuna. Kwenu?"

"Kwetu pia hakuna."

"Basi vimetoka mahali."

Alilisema kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo kanisani. Akaongeza kwamba hatauliza maswali leo, maana yeye si mtu wa kelele, atachunguza. Kisha akaichukua chupa ya uji aliyomletea, ingali imefungwa, akatoka nayo. Hakumgusa mtoto tena.

Amondi alibaki akiutazama mlango. Njaa ilikuwa ikimsokota, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa ndoa wala jina lake. Alijiuliza ni mwanamume wa namna gani anayeweza kumshuku mkewe uzinzi na papo hapo akakumbuka kubeba uji.

Miaka mitatu nyuma asingeamini kwamba angemfikiria Lazarus hivyo. Yeye alikuwa mchumaji majani wa kawaida, msichana wa darasa la saba aliyetoka upande wa ziwa kumfuata shangazi yake kwenye mashamba ya Kericho. Lazarus alikuwa karani wa kupima majani, mwanamume pekee katika kambi nzima aliyevaa tai siku za kazi. Amondi alisimama kwenye foleni na kikapu mgongoni, mvua ikimchuruzika shingoni, akiutazama mwandiko wake: herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizolazwa na upepo, hakuna iliyoruka mstari. Aliolewa na mwandiko ule. Mengine yote, yaani kusahihishwa Kiswahili chake mbele ya wageni, kukatazwa kucheka na wachumaji wenzake, kuambiwa kichefuchefu cha mimba ni malaria kwa sababu karani alikuwa amesoma hivyo mahali, aliyameza akidhani ndiyo gharama ya kuishi na mtu msomi.

Sista Rodah aliingia akakuta meza tupu.

"Amechukua uji?"

"Amechukua."

Sista alisonya. Alikuwa Mkipsigis wa Silibwet, mwanamke mnene asiyebembeleza mtu, na nusu ya watoto wa kambi walikuwa wamepitia mikononi mwake. Aliagiza chai na mandazi kutoka nyumbani kwake, akangoja Amondi ale, kisha akauvuta mkono wa mtoto nje ya blanketi.

"Sasa nisikilize, mama. Mtoto akiwa tumboni hana vidole mwanzoni. Mkono unaanza bapa, kama kijiko. Ikifika wiki ya saba, ya nane hivi, hicho kijiko kinajigawa, nyama ya katikati inaisha, vidole vinabaki. Kwa wengine kinajigawa mara moja zaidi. Ni hiyo tu. Si laana, si ugonjwa, na hakuna kitu ulikula."

"Na kwa nini mimi?"

"Hii ya kando ya kidole cha mwisho mara nyingi inatembea kwa damu. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ni kama kurusha shilingi mpira ukianza: anaweza kuipata, anaweza kuikosa. Lakini wengi hawajui kama wako nayo. Walifungwa uzi wakiwa wachanga, kidole kikakauka, kikaanguka. Kinabaki kipele hapa." Aliubonyeza ukingo wa kiganja cha Amondi, chini ya kidole cha mwisho. "Wewe huna. Umewahi kuona kwa mzee wako?"

Amondi aliwaza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu. Lazarus alikuwa na vipele viwili, kimoja kila mkono, vigumu kama punje za wimbi. Alisema ni chunjua. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani alivikwangua kwa wembe, na kila Jumapili vilibaki pale pale.

"Mwambie polepole," Sista akasema. "Wanaume wa tai wanavunjika haraka."

Alirudi nyumbani siku ya tatu akiwa na nia ya kumwambia polepole. Alikuta kitanda cha wageni kimetandikwa upande wa pili wa chumba na shati la mumewe limetundikwa huko. Lazarus alikuwa kazini. Juu ya meza palikuwa na daftari jipya, na Amondi, ambaye hakuwa na tabia ya kupekua, alilifungua kwa sababu ya mwandiko. Ulikuwa umependeza kuliko siku zote. Yalikuwa majina ya wanaume. Nyapara wa sehemu yake ya kuchuma. Mwenye duka. Fundi wa baiskeli. Mzee Kipkoech wa trekta. Mchungaji pia alikuwamo. Majina kumi na manne, na mbele ya kila jina visanduku viwili vilivyochorwa kwa rula: *kulia*, *kushoto*. Vya majina matatu ya kwanza vilikuwa vimeshajazwa: *tano, tano*.

Alilifunga daftari taratibu akalirudisha lilipokuwa. Hakulia. Alingoja hasira, haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi zaidi, na kilikaa. Alimwona mtu mzima akichora visanduku kwa rula, akipuliza wino ukauke, ili akahesabu vidole vya mchungaji. Na jibu analibeba mwenyewe mikononi, analikwangua kwa wembe.

Hapo ndipo alipoamua kutosema. Mtu wa kuchunguza na achunguze.

Lazarus alichunguza. Wanaume walipoleta majani kwenye banda la kupimia, aliwaambia washike ukingo wa mizani kwa mikono yote miwili, eti isitikisike. Alikodoa macho, midomo ikacheza, akageuka kando kuandika. Aliwaamkia kwa mkono watu ambao hakuwahi kuwaamkia. Kanisani alisimama mlangoni baada ya ibada akamshika kila mwanamume mkono, akauchelewesha, mpaka wengine wakadhani karani ameokoka upya. Siku ya nne watu walikuwa wameshaelewa. Siku ya tano wanawake wa foleni walianza kumwinulia viganja kabla ya kupima.

"Karani, hesabu na zangu. Labda ni mimi."

Habari zilimfikia Amondi kupitia kwa majirani waliokuja kumwona mtoto, na wengi, alijua, walikuja kuona vidole. Waliinamia kitanda, wakavihesabu kwa macho, wakasema mtoto ni mzuri sana, wakaketi wakinywa chai yake na kumwangalia kwa huruma iliyokuwa na njaa ndani yake. Amondi aliwadharau hao pia. Alimvua mtoto blanketi kabla hawajaomba ili waangalie upesi waende zao. Alimpa jina Akoth, kwa sababu ya ile mvua, na hakungoja idhini ya mtu.

Usiku ulipita, mchana ukapita, mume na mke wakala meza moja. Lazarus alitafuna akimtazama kama mpelelezi. Amondi alivitazama vile vipele vyake, kimoja na kingine, vikipanda na kushuka na tonge, na akajikuta anaifurahia hali hiyo kwa namna ambayo baadaye haikumpendeza kuikumbuka.

Siku ya nane aliingia Chepchumba, mkewe Kipkoech. Hakukaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano, mama wa watoto sita, na leso ya kichwani alikuwa ameifunga vibaya kama mtu aliyetoka mbio.

"Mama, nitakuuliza mara moja. Mtoto ni ya mzee wangu?"

"Hapana. Nani amesema?"

"Bwana yako ameandika barua kwa ofisi ya meneja. Anasema Kipkoech alikukimbiza dispensari na trekta siku ya uchungu, na iko na alama kwa mkono, ya kidole alikata. Ile alama ni cheni ya trekta. Kambi yote inajua. Nilimfunga mimi mwenyewe kwa leso yangu."

Amondi aliketi. Kisha akamwambia yote: maneno ya Sista, vipele, wembe wa Jumapili.

Chepchumba alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua tangu siku gani?"

"Siku ya pili."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa naangalia atafika wapi."

"Amefika kwangu," Chepchumba akasema. "Vijana wa kwetu wamesikia Mjaluo anamwita baba yao mzinzi. Si mimi nitakuambia mambo ya tisini na mbili, vile watu wetu na wenu walichomeana nyumba. Ulikuwa hapa. Tulilala kwa kanisa pamoja, wewe na shangazi yako na mimi, na mkeka ulikuwa wangu. Sasa unakaa hapa unaangalia."

Akatoka. Amondi alibaki na uso unaowaka. Kwa siku sita alikuwa amemtazama mumewe kutoka juu, na haikumpitikia kwamba mjinga akiachwa acheze, anaweza kuwaangukia watu wengine. Alimfunga Akoth kifuani kwa leso na kutoka. Hakuwa amemaliza hata siku kumi za kukaa ndani.

Banda la kupimia lilikuwa limejaa, mvua imeshaanza kunguruma upande wa msitu. Lazarus alikuwa nyuma ya mizani na tai yake. Mzee Kipkoech alikuwa ameegemea trekta akisubiri kupakia, kofia mkononi, hamtazami mtu. Foleni ilipomwona Amondi ilimpisha.

"Rudi nyumbani," Lazarus akasema bila kuinua kichwa. "Hujamaliza siku zako."

"Toa mkono."

"Amondi, niko kazini."

"Umewashika wanaume wa shamba hili mikono wiki nzima. Mimi naomba mmoja tu."

Alimshika kifundo cha mkono kabla hajaurudisha, akaugeuza juu ya mizani. Alikuwa na nguvu za mchumaji. Karani hakuwa na nguvu za kitu chochote. "Mzee Kipkoech, nakuomba uje. Shika hapa kwa kidole gumba, chini ya kidole cha mwisho."

Kipkoech alisogea kwa kusita. Alishika. "Kuna kipele."

"Na mkono wa pili?"

Lazarus alikuwa ameuficha mfukoni. Nyapara, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye daftari, naye alijua, alimwambia autoe, majani yanalowa. Akautoa. Kipkoech akabonyeza tena.

"Ingine. Mahali ile ile."

"Ni chunjua," Lazarus akasema.

"Alizaliwa na vidole sita kila mkono," Amondi akawaambia watu, si yeye. "Vikafungwa uzi. Sista Rodah amenieleza, na anayetaka aende amuulize. Mtoto wangu amevichukua kwa baba yake. Mzee Kipkoech alinipeleka dispensari kwa sababu karani alisema hawezi kuacha mizani. Mzee, nilipaswa kusema mapema. Nisamehe."

Kipkoech aliitikia kwa kichwa. Mwanamke mmoja nyuma ya foleni aliuliza kwa upole kama chunjua huwa zinapima mahali pa kuota kwa rula, na banda zima likaangua kicheko. Lazarus alikaa akiandika. Hapakuwa na kitu cha kuandika, lakini aliandika, na alasiri ile alipima majani ya watu sabini bila kuinua uso.

Kama angesema neno moja siku ile, nisamehe, au hata sikujua, pengine mambo yangekuwa mengine. Jioni aliingia nyumbani akasema kwamba Sista Rodah si daktari. Na kwa Kipkoech alipeleka ujumbe kupitia kwa mzee wa kanisa: barua ile haikuwa mashtaka, ilikuwa sehemu ya uchunguzi. Kisha akamtumia mama yake habari aje akanushe maneno ya Sista.

Mama yake, Jerusa, alifika baada ya wiki mbili na kuku wawili na samaki wakavu. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa na subira na watu. Alimpokea mtoto, akaifungua mikono yake midogo, akatabasamu.

"Hivi ndivyo," akasema. "Vile vile kabisa. Vyako vilikuwa laini vyote viwili. Nilivifunga uzi siku ya nne, kufikia siku ya kumi vimeanguka. Nilivifukia nyuma ya zizi."

Lazarus alikuwa amesimama. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Mtu anaambiwaje kitu ambacho hana?"

"Umeniaibisha."

"Mimi?" Jerusa alimtazama mwanawe kwa makini, kama anayemtafuta mtu aliyemfahamu. "Mke wako anasema ulichora visanduku kwa rula."

Amondi alimwinamia mtoto ili uso wake usionekane. Alikuwa ametarajia aibu ya mumewe imfurahishe, ilimchosha tu.

Siku iliyofuata Lazarus alikuja na wazo. Alilieleza akiwa amekaa wima kama kwenye mkutano: mama yake ana uzi, mambo yamalizike kabla mtoto hajabatizwa, watu watasahau, na msichana mwenyewe hatajua kamwe. Jerusa alikuwa ameshauchana uzi mweusi, ameushika kati ya vidole viwili.

"Mama, weka uzi," Amondi akasema. "Samahani, nakuheshimu. Lakini cha kushoto kina mfupa. Sista amesema kikifungwa kitaoza na mkono utavimba. Daktari atamwangalia akikua kidogo, na kama ni kuondoa, kitaondolewa kwa sindano ya ganzi, kama mtu. Na atajua. Nitamwambia mimi mwenyewe vilikotoka."

"Mimi ndiye baba," Lazarus akasema.

"Tangu lini?"

Jerusa aliuzungusha uzi kwenye kidole chake, akauweka mfukoni. Akasema hakujua habari ya mfupa, kisha akatoka nje kuchinja kuku.

Nyumba ile ilikuwa ya karani. Lakini Amondi pia alikuwa mwajiriwa wa kudumu, na kanuni za shamba zilimpa mchumaji chumba chake kwenye kambi. Likizo ya uzazi ilipoisha alikwenda ofisini akaomba. Alihama mchana kweupe, siku ya Jumamosi, kitanda na sufuria na mtoto vikiwa kwenye trekta ya Mzee Kipkoech, na Chepchumba ameketi juu ya godoro kama malkia. Kambi nzima iliona. Alitaka ione.

Lazarus alikuja mara kadhaa. Alisimama mlangoni akaongea juu ya shetani, juu ya watu wanaotenganisha ndoa, mara moja akalia. Amondi alimpa kiti na chai. Hakumfukuza, hakumrudia. Alimsikiliza akijishangaa kwamba mtu huyu aliwahi kumtisha. Alimwachia amshike mtoto, na Lazarus alimshika vizuri, hilo hakumnyima; ila wageni wakitokea alivificha vile vimikono ndani ya shali.

Akoth alipotimiza miaka miwili na nusu, kidole cha kushoto kilikuwa kinanasa kwenye kila sweta. Daktari wa upasuaji katika hospitali ya Kericho alisema vyote viwili vitolewe, kazi ya asubuhi moja. Ilihitajika sahihi ya baba. Amondi akampelekea Lazarus ujumbe, naye akaja, na tai.

Karani wa hospitali, msichana wa miaka ishirini hivi, aliwasukumia fomu. Lazarus aliijaza kwa mwandiko wake uleule. Jina la mtoto, umri, dini. Alipofika sehemu ya tatu kalamu ilisimama. Fomu iliuliza kama kuna mwingine katika familia aliyezaliwa na hali hii, na ni nani.

"Hii ni lazima?" akauliza.

"Daktari anataka kujua," msichana akasema.

Amondi alikuwa amembeba Akoth begani, anamwimbia polepole asilie kwa njaa, maana alikuwa amekatazwa kula tangu asubuhi. Hakuwa hata anamwangalia. Alikuwa anaangalia mlango ambao muuguzi angetokea. Lazarus aliinama, akajifuta uso kwa leso, akaandika neno moja fupi kwa herufi ndogo sana zisizolala upande wowote. Msichana aliigeuza karatasi akafinya macho.

"Sioni. Ni nini hapa?"

"Baba," Lazarus akasema.

"Ongeza sauti, mzee."

"Nimeandika baba. Ni mimi."

Msichana akagonga muhuri, akaita jina linalofuata. Muuguzi alitokea, akamchukua Akoth, na Amondi akamfuata hadi pale mama wanaporuhusiwa kufika. Alipogeuka, Lazarus alikuwa bado amesimama dirishani na kofia ya kalamu mdomoni. Alionekana mdogo na mchovu, mtu wa kawaida aliyevaa tai siku ya joto. Amondi alimwonyesha benchi kwa kidevu.

"Kaa," akamwambia. "Wamesema saa moja."

Akakaa mwisho mmoja wa benchi. Amondi akakaa mwisho wa pili, akatoa mandazi kwenye mfuko, akamega, na baada ya kufikiri kidogo akamsukumia nusu yake juu ya ubao bila kumtazama.